Shemeji Hawi Mkalimani

Maswali ya wasomaji kuhusu viziwi na udhalilishaji. Majina tumeyaficha, tumeacha wilaya tu.

Assalamu alaykum. Mdogo wangu ni kiziwi, ameolewa, ana mtoto mmoja. Mwezi uliopita alikuja kwetu uso umevimba na mkono hauinuki. Kituoni hapakuwa na anayejua lugha ya alama, basi kaka wa mumewe akajitolea kutafsiri. Maelezo yanasema "aliteleza uwani", na mdogo wangu katia dole gumba. Sasa wazee wanataka yaishe nyumbani, na polisi wanasema maelezo ndiyo hayo. Ndiyo imekwisha?
*Dada mkubwa, Micheweni*

Waalaykumu salaam, dada. Haijaisha. Maelezo ya polisi si hukumu. Shahidi anaweza kutoa maelezo ya nyongeza, nayo yakaingia kwenye jalada lile lile. Usiombe ile karatasi ya mwanzo ichanwe. Ibaki, kwa sababu karatasi yenye kosa lililoelezwa ina nguvu mahakamani kuliko karatasi iliyopotea.

Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, msiishie kaunta. Maelezo mapya yaanze na mambo matatu: nani alitafsiri mara ya kwanza, ana uhusiano gani na mtuhumiwa, na kwamba mdogo wako hakurudishiwa maneno yake kwa alama kabla ya kutia dole. Ndipo aeleze kilichotokea.

Huyo shemeji huenda hata hakukusudia kudanganya, ingawa sisi tusingemwamini. Tazama kosa lenyewe linavyozaliwa. Kiziwi anayeeleza kuanguka mara nyingi husimamisha vidole viwili vya mkono mmoja juu ya kiganja cha mkono wa pili, kama mtu aliyesimama sakafuni, kisha vidole vikalala. Akiwa amesukumwa, vidole hulala vile vile. Kinachotofautiana ni mkono unaokuja kusukuma, upande unakotokea, na uso wa anayeeleza. Asiyejua lugha huona vidole vimelala tu, akasema "ameanguka", askari akaandika "aliteleza", na kesi ikageuka ajali.

Kwa hiyo mkalimani asiwe mtu wa nyumba ile wala ya kwenu. Hata wewe, dada. Wakili wa upande wa pili atasema umemlisha maneno, na mdogo wako anaweza kuwa na jambo asilotaka ulijue. Mtoto wake asitumike kabisa. Ulizieni mkalimani kwa Chama cha Viziwi Zanzibar (CHAVIZA), kwa Jumuiya ya Wanawake Wenye Ulemavu (JUWAUZA), au kwa shirikisho lao, SHIJUWAZA. Pigeni simu kabla ya kwenda kituoni, na mdogo wako achague kama anataka mkalimani mwanamke. Mkiambiwa "njooni siku nyengine", ombeni tarehe na jina la askari aliyesema hivyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 13, cha kupata haki mbele ya sheria, kinagusa upelelezi pia, si mahakama peke yake.

Hukusema kama amesoma skuli yenye viziwi. Kama hakusoma, na alama zake ni za nyumbani tu, mkalimani mmoja hatoshi. Hapo hutafutwa wawili: kiziwi mzoefu anayekaa mbele yake na kuzichambua alama zake, na mkalimani anayesikia anayepeleka maneno kwa askari. Kazi huchukua muda mara mbili, na askari aambiwe mapema asije akaanza kutazama saa. Kabla ya kuanza, wakae dakika kumi wakizungumza mambo ya kawaida: amekujaje, mtoto yuko wapi. Kisha askari aombe mdogo wako arudie alichoelewa. Akitikisa kichwa tu, simamisheni. Kiziwi anayetikisa kichwa mara nyingi anasema "nakufuata", au anataka mambo yaishe aende zake. Si "ndiyo, ni kweli".

Maswali ya ndiyo na hapana yaachwe. Aulizwe: nini kilitokea, nani alikuwepo, alisimama wapi. Ramani ya nyumba iliyochorwa kwa kalamu inasaidia sana. Tarehe zifungwe kwenye mambo anayoyajua: Ijumaa gani, kabla au baada ya kuchuma karafuu, Ramadhani ilikuwa imeingia au bado. Mwisho kila mstari urudishwe kwa alama kabla ya kutia dole, na mkalimani naye aandike jina lake na kusaini.

Mkono usioinuka upigwe eksirei hata sasa, maana mfupa uliovunjika na kuanza kuunga huonekana. Katika kituo cha Mkono kwa Mkono mtapata daktari, polisi, mshauri nasaha na ustawi wa jamii mahali pamoja. Cha hospitali ya Mnazi Mmoja kilifunguliwa mwaka 2011, na kwenu Pemba kipo Chake Chake. Muulizeni pia, kupitia mkalimani, kama alikabwa shingo. Kwa anayesema, sauti iliyokwaruza humshtua daktari. Kwa kiziwi asiyetumia sauti dalili hiyo haionekani, kwa hiyo zitafutwe nyengine: maumivu ya kumeza, vidoadoa vyekundu machoni, kuzimia, kujikojolea. Aliyekabwa aende hospitali hata kama shingo haina alama, na akikabwa tena asingoje hata saa moja.

Ama hicho kikao cha wazee, tunakijua. Watu kumi wanazungumza kwa zamu, kiziwi amekaa pembeni anatazama midomo, na mwisho anaguswa bega na kuoneshwa alama ya "samehe". Huo ni muhali, kuoneana haya tu, si suluhu. Hakuna aliyesuluhishwa na mtu ikiwa hakuambiwa kilichosemwa.

Mimi ni kiziwi, najua kusoma. Mume wangu ananipiga. Siwezi kutoka sasa, nina watoto wawili na sina pesa. Usiku naogopa zaidi kwa sababu sisikii akija. Nifanye nini nikiwa bado nipo ndani?
*Mjini, Unguja*

Dada, tunaanza na simu, kwa sababu ndiyo mlango wako na pia ndiyo anayoweza kukuchungulia. Fungua WhatsApp, ingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta au simu usiyoijua, mtu anasoma ujumbe wako. Usiiondoe haraka kama kuiondoa kutamshtua. Tumia simu ya mtu mwengine kwa mambo ya siri. Zima kushirikisha mahali ulipo. Kama umeweka taa ya kamera imulike ujumbe unapoingia, izime usiku, kwa sababu taa hiyo humwamsha na yeye. Na ujumbe usionekane kwenye kioo kilichofungwa.

Chagua watu wawili, mmoja awe jirani wa kufika kwa miguu. Mwandikie ujumbe mapema, ukae tayari bila kutumwa: "Njoo sasa. Piga hodi kwa nguvu, usiondoke." Hodi hutaisikia wewe; ni ya kumkatiza yeye. Ujumbe wa mtu wa pili uwe na maelekezo kamili ya nyumba, "nyuma ya msikiti, bati jekundu, mlango wa uwani", na neno "waite polisi". Kubalianeni kwamba ukituma, yeye hapigi simu. Anajibu herufi moja tu, simu itetemeke ujue amepata. Ujumbe wa kawaida utumike kabla ya simu ya video, kwani video hula bando na inataka mwanga.

Usiku, kitanda kikae ili uso wako uelekee mlango, watoto upande wa ukuta. Simu iwe kwenye mtetemo chini ya mto. Wengine husema utahisi hatua zake sakafuni: kwenye ghorofa za mbao za Mji Mkongwe labda, kwenye saruji usitegemee. Kiti chepesi kilichoegemezwa mlangoni na kugusa mguu wa kitanda kitakutikisa mlango ukisukumwa, lakini kiweke tu kama wewe unaweza kutoka kwa njia nyengine. Tochi iwe karibu. Umeme ukikatika hutaona midomo wala mikono, na jirani aliyefika hataona alama zako.

Ugomvi ukianza, ondoka jikoni penye visu na jiko la mkaa. Nenda uwani au chumba chenye milango miwili. Akikushika mikono usiweze kusema kwa alama, kumbuka na ulieleze polisi kama tukio lake peke yake: amekupiga na amekuziba mdomo kwa mara moja.

Weka kwa mtu unayemwamini: kitambulisho cha Mzanzibari au nakala yake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, cheti cha ndoa, chaja, na betri kama unatumia kifaa cha kusikia. Picha za karatasi hizo ziwe kwenye simu ya mtu mwengine. Kama mpango ni kuvuka kwenda Pemba, kitambulisho utakihitaji kwenye boti. Siku ya kuondoka usimuage wala usimwachie barua. Wakati wa kuachana ndio wa hatari kuliko wote, na mwanamme aliyekuwa akipiga kofi huweza kufanya kubwa zaidi siku hiyo.

Kudai talaka au khului (mke kujivua ndoa kwa kurudisha mahari) kwa Kadhi ni haki yako na ni shauri jengine. Hakufuti kesi ya kupigwa. Na huko pia, mkalimani asitoke kwao.

Mimi ni sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yetu. Akija kiziwi analia na hakuna mkalimani, nifanye nini hapo hapo?
*Kusini Unguja*

Mzee, kwanza mtoe barazani mbele za watu, akae na mwanamke anayemridhia. Usikae na dirisha nyuma yako, uso wako utakuwa giza kwake. Usimpigie kelele. Na usitegemee midomo: "baba", "mama" na "papa" kwenye midomo ni kitu kimoja, na kesi nzima inaweza kuharibika hapo.

Mambo matatu tu ndiyo ya saa hiyo, na kwa kuonesha na kuchora yanawezekana: umeumia wapi, aliyekuumiza yuko wapi sasa, uko salama kurudi? Mengine yasubiri mkalimani. Muite mratibu wa wanawake na watoto wa shehia. Andika saa aliyofika, hali ya nguo na mwili, na alama alizozifanya kama ulivyoziona, "aligusa shingo mara mbili, akaonesha nyumba ya upande wa bahari", bila kuzifasiri. Usimwite mume aje "kueleza vizuri". Kama anajua kuandika, mpe karatasi, lakini wengi Kiswahili cha kuandika ni lugha yao ya pili, na sentensi iliyopinda haina maana kwamba akili imepinda.

Binti yangu kiziwi, miaka 14, amenieleza kwa ishara kuwa ameingiliwa na mtu. Ilikuwa juzi. Khanga yake nimeshaifua. Nimechelewa?
*Mama, Magharibi*

Hujachelewa, lakini ni leo, si kesho. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inavyopita nguvu yake hupungua. Humezwa siku 28. Ya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, nayo mapema ndiyo bora. Khanga iliyofuliwa ichukue vile vile, pamoja na chupi, shuka na chochote ambacho hakijafuliwa. Kila kitu kwenye mfuko wake wa karatasi au bahasha. Mfuko wa rambo hushika unyevu, ukungu ukaota na ushahidi ukaoza. Kama bado hajaoga tangu siku ile, asioge kwanza.

Usimuulize tena na tena, na usimrikodi video. Kwa mtu mzima video ya simu inaweza kufaa. Kwa mtoto, kila unapomuuliza upya majibu huanza kufuata uso wako, na viziwi husoma nyuso kuliko sisi. Andika alichokuonesha mara ya kwanza na saa. Kituoni omba mkalimani kabla ya uchunguzi wa mwili, binti aelezwe kila kitu ambacho daktari anataka kugusa na aweze kukataa. Daktari akimfunika uso kwa shuka amemkatia mazungumzo yote.

Kuna mahali viziwi wenyewe wanaendesha huduma kama hizi?
*Mwanafunzi, Chake Chake*

Wapo. Huko Seattle, Marekani, shirika la ADWAS lilianzishwa mwaka 1986 na Marilyn Smith, mwanamke kiziwi, likihudumia viziwi waliodhalilishwa kwa lugha yao bila mkalimani katikati. Sisi hatuna cha namna hiyo visiwani, lakini kumfunza kiziwi mmoja awe mshauri wa mwanzo katika kila kituo cha Mkono kwa Mkono hakuhitaji jengo jipya.

Mimi ni mkalimani. Visiwa vidogo, na mtuhumiwa wa safari hii ni rafiki wa kaka yangu. Nikubali kazi?
*Wete*

Ukiweza, kataa, na uwape jina la mwengine. Kama hapana mwengine, mwambie mwanamke mwenyewe kwanza, faragha, kabla ya askari, naye aamue. Akikukataa, ombeni mkalimani wa Unguja kwa simu ya video, kioo kikubwa na mwanga mbele yake. Omba mapumziko kila baada ya dakika 20 hadi 30, maana mkalimani aliyechoka huanza kufupisha na hajui kama anafupisha. Mwanamke asipoelewa swali, usimfafanulie wewe. Mwambie askari au hakimu kuwa hajaelewa. Ulichokiandika kwenye kijikaratasi mkabidhi askari au kichane mbele yao. Na ukikutana na mwanamke huyo sokoni, usimsalimie wewe kwanza: mpaka akuanze yeye, hamjuani.