Ukimwona ndege anaelea, usikimbilie kumwita bata

Wewe unayeanza kazi ya kuongoza watazamaji wa ndege hapa Uganda, jifunze koo kabla ya rangi. Nimefanya kazi hii Ziwa Mburo na Mabamba, na nimeona mgeni humwamini upesi kiongozi anayejua nani ni ndugu wa nani.

Chukua yule ndege wa Mburo mwenye miguu ya rangi ya chungwa, anayeitwa finfoot kwa Kiingereza, anayejificha chini ya matawi yaliyoinamia maji. Anaogelea kweli kweli, lakini mtazame mdomo: umechongoka. Akipanda kwenye gogo utaona vidole vyake vina vipande vya ngozi pembeni, wala havikuunganishwa kwa utando. Huyo ni wa oda moja (yaani kundi kubwa la koo) na korongo taji wa bendera yetu. Mdomo wa bata ni bapa, una kijikucha nchani, na kandokando una vijino kama vya kitana vya kuchujia chakula.

Jamaa wa karibu wa bata ni kuku, kanga na kware; mifupa na DNA zinakubaliana hapo. Tena Amerika Kusini wapo ndege wa oda ya bata wenye mdomo kama wa kuku na utando mdogo sana miguuni. Maji peke yake si ushahidi.

Bata bukini wa Misri, yule mwenye doa la kahawia kuzunguka jicho tunayemwona Mfereji wa Kazinga, ana umbo la bukini, lakini ndugu zake wa karibu ni kundi la Tadorna, bata wakubwa wanaofanana kidogo na bukini. Bata mluzi wenye uso mweupe nao walijitenga na wenzao zamani sana. Tazama malezi yao: dume hulalia mayai kwa zamu na jike, ilhali madume wengi wa kundi la Anas, lile la bata pori wa kawaida, humwachia jike kazi yote. Mimi hapo husimamisha mashua, maana mgeni akiliona jambo hilo halisahau.

Elimu hii inafaa hata bandani. Bata mwenye vinundu vyekundu usoni asili yake ni Amerika Kusini, na mayai yake huanguliwa kwa siku 35 hivi. Bata wa kawaida ametokana na bata pori wa kaskazini mwa dunia. Yake ni siku 28. Wakipandana watakupa chotara wa nyama tu, kwani ni wagumba. Ukitaka vifaranga wa kuendeleza kundi, tenga madume mapema.