Bahari Haikuchafuka, Ilichafuliwa

Msomaji anayetafsiri ripoti ya tathmini ya ardhi iliyomwagiwa kemikali za kiwanda anauliza: "Yule anayepaswa kulipia usafishaji wa ardhi na hasara ya maji na viumbe, tuseme ana wajibu, ana hatia au ana dhima? Mhariri wangu amefuta maneno yote matatu, akaandika 'maeneo yaliyoathirika yatashughulikiwa'. Je, yuko sahihi?"

Andika dhima. Limetoka kwenye Kiarabu, nalo ni jambo lililo shingoni mwa mtu mpaka alitekeleze au alilipe. Wajibu ni neno pana mno, kila mtu anao. Hatia inadai kosa, na hapa tafsiri nyingi hupotosha. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1980 kuhusu maeneo yaliyochafuliwa kwa sumu, mmiliki wa sasa wa ardhi anaweza kudaiwa gharama za usafishaji hata kama mapipa yalizikwa na mwingine kabla yeye hajainunua. Huyo ana dhima bila kuwa na hatia.

Swali lako limekwisha. La mhariri wako ndilo linaloniuma, kwa sababu sentensi yake naikuta kila mahali: mto umeathirika, udongo umeathirika, samaki wameathirika. Nani kaviathiri? Kitenzi hakisemi. Kiambishi -ik- kimeundwa kueleza hali bila kumtaja mtenda, na anayekitumia katika ripoti ya uchafuzi amemtoa mchafuzi mlangoni kabla hajaulizwa chochote. Mabaya zaidi ni "bahari imechafuka". Mwambie hivyo baharia yeyote, ataacha kutweka tanga: bahari iliyochafuka ni yenye mawimbi makali. Yenye mafuta imechafuliwa.

Chukua meli ya Exxon Valdez. Tarehe 24 Machi 1989 iligonga mwamba katika ghuba ya Prince William Sound, Alaska, na mafuta ghafi yapatayo galoni milioni 11 yakamwagika. Kumwagika kwenyewe nakubali kuandikwe kwa -ik-, kwani hakuna aliyeinamisha pipa kwa makusudi. Lakini mafuta hayo yaliichafua bahari, na huo ni uchafuzi. Ndege wa baharini wanaokadiriwa kufikia 250,000 wakafa, pamoja na fisi maji wapatao 2,800. Hayo ni madhara. Maeneo ya uvuvi yakafungwa, wavuvi wakakosa msimu, na kila mwaka ambao viumbe hawajarudi ni mwaka wa kukosa kile walichokuwa wakitoa. Hiyo ni hasara. Kisha zikaja fedha. Mwaka 1991 kampuni ya Exxon ilitozwa faini ya dola milioni 150, na mahakama ikasamehe milioni 125 kati ya hizo. Katika kesi hiyo hiyo ya jinai ikaamriwa kulipa milioni 100 za kufidia viumbe na ardhi. Katika madai ya kiraia ikakubali kulipa milioni 900 kwa awamu za miaka 10. Faini ni adhabu, na fidia ni malipo ya kilichopotea. Uchafuzi, madhara, hasara, faini, fidia: maneno matano yenye kazi tano. Mwandishi wa "athari" anayafunga yote katika furushi moja, halafu msomaji hajui kama milioni 900 zilikuwa adhabu au gharama ya kuurudishia umma mali yake.

Kuna wanaonijibu kwamba "kuathirika" ni lugha ya upole, haimhukumu mtu kabla ya mahakama. Nawaelewa, lakini dhima haiulizi nia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 iliyotungwa baada ya ajali ile imegawa deni la maliasili katika mafungu matatu: gharama ya kurejesha kilichoharibiwa, thamani ya kilichokosekana wakati urejeshaji ukisubiriwa, na gharama za tathmini yenyewe. Fungu la pili ndilo linalosahauliwa katika tafsiri, na ndilo linaloweza kukua kuliko yote urejeshaji ukichelewa. Sentensi isiyo na mdaiwa haina pa kuliweka.

Nikiwa hapo hapo, acha pia kuandika "hali ya awali" bila maelezo, yaani ile hali ambayo madhara hupimwa dhidi yake. Wapimaji hawalinganishi mto wa leo na mto wa zamani. Wanalinganisha na mto ambao ungekuwepo leo kama kemikali isingemwagwa, kwa maana ukame au uvuvi wa kupita kiasi vingeweza kuupunguza hata bila kiwanda, na mwenye kiwanda hadaiwi kwa hayo. "Hali ambayo ingekuwepo" ni ndefu, lakini inasema kweli.

Kwa hiyo mrudishie mhariri sentensi hii: "Kampuni ina dhima ya kusafisha ardhi iliyoichafua na kulipa fidia ya madhara kwa maji na viumbe, pamoja na hasara ya kipindi chote cha urejeshaji." Kama mchafuzi hajathibitishwa, andika "anayedaiwa kuichafua". Huo ndio upole unaostahili, na bado mtu yumo ndani ya sentensi.

Athari silifukuzi kabisa. Asili yake ni alama inayobaki baada ya kitu kupita, na linafaa pale mradi haujaanza na matokeo yake hayajulikani kuwa mema au mabaya. Tathmini ya namna hiyo iitwe "tathmini ya athari kwa mazingira". Wengi huandika "athari za mazingira", ambazo ni yale mazingira yanayotutendea sisi.