Jibu langu kwa mpwa wangu kuhusu taka za Ujerumani

Mpwa wangu, uliniuliza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kama ni kweli kwamba Ujerumani hakitupwi kitu, na kama mashine ya kuchambua taka inaweza kununuliwa ikaletwa hapo Tanga, unaponunua chupa za plastiki kutoka kwa waokotaji na kuziuza kwa kilo. Kwa kuwa huu ni mwaka wangu wa sita katika kiwanda cha kuchambua taka, nitakujibu bila kukuficha.

Mengi uliyosikia ni kweli. Karatasi zina pipa lake, mabaki ya chakula lake, na vifungashio vya plastiki na vya chuma huenda kwenye pipa la njano. Tangu 2003, ukinunua chupa ya maji ya kutumika mara moja unalipa senti 25 za yuro juu ya bei, nawe hurudishiwa ukiipeleka tupu kwenye mashine ya dukani, ndiyo maana karibu chupa zote hurudi. Usidhani, hata hivyo, kwamba huo ni ustaarabu mtupu. Katika kituo cha treni ninachoshukia alfajiri, namwona bibi mmoja mstaafu akimulika tochi ndani ya mapipa kutafuta chupa hizo, na wasafiri wengine huziacha zao kando ya pipa ili asilazimike kuingiza mkono. Inaniuma kila ninapomwona.

Kiwandani kwetu hufika taka za pipa la njano. Ngoma kubwa yenye matundu huzitenganisha kwa ukubwa, upepo hupeperusha mifuko myepesi, sumaku hunasa makopo ya chuma, kisha mwanga usioonekana kwa macho humulika kila kipande, aina ya plastiki ikatambuliwa na hewa ikakipuliza upande wake. Lakini trei nyeusi ya nyama hupita bila kuonekana, kwa sababu masizi yanayoipa rangi hunyonya mwanga ule. Kikopo cha mtindi ambacho kifuniko chake cha alumini hakikubanduliwa nacho huipotosha mashine, ingawa kukibandua ni kazi ya sekunde moja jikoni. Yaliyoishinda mashine hutujia sisi, tunaosimama kando ya mkanda zamu nzima tukitoa kwa mikono nepi, viatu na betri za lithiamu, ambazo zikipondwa huwasha moto. Harufu hubaki kwenye nywele hata baada ya kuoga. Na plastiki iliyochanganyika, ambayo si kidogo, huishia kuchomwa katika matanuri ya saruji au katika mitambo ya kuzalisha umeme na joto.

Jambo ambalo nadhani hukuambiwa ni nani anayelipa. Tangu 1991 sheria ya hapa imewabebesha watengenezaji na wauzaji gharama ya kukusanya na kuchambua vifungashio vyao, na ada hiyo ndiyo inayoendesha kazi yetu, kwani mauzo ya plastiki peke yake yasingetosha. Mashine hiyo ukiileta Tanga, ambako takataka zote hutoka jikoni zikiwa katika mfuko mmoja na mwenye kiwanda cha soda halazimiki kukuchangia hata shilingi, itakufilisi kwa umeme na vipuri kabla ya mwaka kuisha. Nakuomba usikope kwa ajili yake.

Anza na unachoweza sasa. Tenga chupa zisizo na rangi mbali na za kijani na bluu, maana plastiki safi isiyo na rangi ndiyo inayofaa zaidi kurudi kuwa chupa mpya. Ng'oa vifuniko, kwa kuwa ni plastiki ya aina nyingine: kata kipande cha chupa na kipande cha kifuniko, vitie kwenye ndoo ya maji, utaona cha chupa kikizama na cha kifuniko kikielea. Viwanda vya huku hutenganisha plastiki iliyosagwa kwa njia hiyohiyo, ila katika matangi makubwa. Kisha muulize mnunuzi wako atakupa bei gani kwa kilo ya zisizo na rangi zikiwa peke yake, bila vifuniko, uniandikie jibu lake.