Nani Atakupa Hela ya Kuhesabu Perege?

Juzi kijana mmoja wa Arusha, anamalizia shahada ya uzamili, ameniandikia: "Shikamoo dada. Hongera kwa awamu ya pili. Naomba andiko lako la kuomba ufadhili nibadilishe tu jina la mto." Nilicheka peke yangu. Halafu nikaona bora niwajibu wote hapa, maana tangu habari zisambae kwamba utafiti wetu wa samaki umepata awamu ya pili ya ufadhili, simu haitulii. Andiko sitoi, na si uchoyo. Ukibadilisha jina la mto, samaki watabaki wa Kikuletwa, na anayesoma kwenye kamati ya mfadhili atakushtukia kabla hajafungua ukurasa wa pili.

Kwa wageni humu: tunafuatilia samaki wa asili wa mto Kikuletwa, kuanzia pande za Rundugai hadi mto unapoingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Tunayemtafuta hasa ni perege wa Pangani. Huyu alielezwa kisayansi mwaka 1955, yeye na ndugu yake wa Ziwa Jipe, na hadi leo wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba hao wawili ni samaki mmoja. Kiasili hapatikani nje ya bonde la mto Pangani, ambamo Kikuletwa nao umo. Perege wa Jipe yumo kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Na humohumo majini wapo sato na ngege walioletwa na watu kutoka kwingine. Sato hupandana na perege wa kwetu wakatoka machotara, kwa hiyo samaki wa asili anaweza kuisha huku bwawa limejaa samaki na sokoni hakuna aliyeshtuka.

Wazo la kumfuatilia perege kabla hajaisha nililipeleka kwa mkubwa mmoja, jina lake halitatusaidia kitu. Akanijibu mbele ya watu: "Tembo ana hela. Simba ana hela. Perege si tunamla?" Ukumbi mzima ukacheka, na waliocheka zaidi ni wenzangu niliosoma nao. Arusha ni mji ambao kila gari la utafiti limechorwa mnyama mlangoni. Sijawahi kuona lililochorwa samaki. Siku barua ya awamu ya pili ilipofika nilimkumbuka yule mkubwa. Nilifurahi mara mbili, na sioni aibu kusema.

Sasa ushauri, maana ndicho mlichokuja kutafuta. Ombeni kidogo kwanza. Wapo wafadhili wanaotoa kwa ngazi. Rufford Foundation ya Uingereza hutoa msaada mdogo wa kuanzia, na ukiutendea haki ndipo unaruhusiwa kuomba unaofuata. Mfuko wa Mohamed bin Zayed wa kuhifadhi spishi unatoa hadi dola 25,000, na wenyewe wanataka umtaje kiumbe mmoja, si "bioanuwai ya bonde" kwa ujumla. Samaki wasiojulikana wana nafasi huko kuliko mnavyodhani. Wengi wenu mnaanza na andiko la mamilioni lenye gari ndani yake. Gari la nini? Mtoni tunaingia kwa mtumbwi wa kukodi, na kufika mtoni tunapanda bodaboda na boksi la barafu mapajani.

Habari za vibali vya utafiti siwasimulii. Mkoa, wilaya, kata, kijiji, kila meza ina muhuri wake. Anzeni mapema.

Kilichotubeba sisi ni kaunta buku. Hela ya awamu ya kwanza ilikuwa ndogo, sikuweza kuajiri wasaidizi wenye digrii, kwa hiyo tukakaa na wavuvi. Tukawapa nyavu za kutega za macho tofauti, ubao wa kupimia urefu, vichupa vya spiriti vya kuwekea kipande cha pezi kwa ajili ya vipimo vya vinasaba, na kaunta buku moja kwa kila mtumbwi. Sharti lilikuwa moja: nyavu zilezile, mahali palepale, na usiku mtupu nao uandikwe. Hapo tulibishana sana. Mzee mmoja, mvuvi tangu ujana wake, aliniuliza: "Mwanangu, niandike nini na sikupata kitu?" Nikamwambia andika sifuri, mzee wangu, hiyo sifuri ndiyo ninayoilipia. Alinitazama kana kwamba nimepungukiwa akili. Lakini aliandika. Mzee huyohuyo huinua samaki mwangani akakwambia huyu wa kwetu, huyu chotara, kwa kutazama mkia na rangi. Majibu ya maabara ndiyo yatasema anapatia kwa kiasi gani, na hilo limo kwenye awamu ya pili kwa sababu yake.

Watu wa kamati waliniandikia kwamba kilichowashawishi ni kurasa zile zenye sifuri. Ripoti za "tumekwenda tukakuta samaki" wanazipata kila siku. Idadi ya samaki mtoni haijulikani kwa kwenda masika ukapiga picha ukarudi mjini. Masika maji yanajaa samaki wanatawanyika, kiangazi wanabanana kwenye vidimbwi, na usipolinganisha kiangazi na kiangazi utatangaza kwamba wameongezeka kumbe maji tu ndiyo yamepungua. Kwa hiyo kwenye andiko lako mwuzie mfadhili kule kurudi. Mwambie utarudi palepale, na mwakani utarudi tena.

La pili, mweleze nani atazitumia namba zako. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka maji ya mahitaji ya msingi ya binadamu na ya kulinda mazingira ya mto yatengwe kabla ya kugawia wengine. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ipo hapahapa Moshi, na ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji. Anayepanga mto ubaki na maji kiasi gani anahitaji kujua samaki wanashindwa kuishi yakishuka hadi wapi. Mimi niliandika hivyo, wazi, kwa aya moja. Ile aya ilinichukua muda kuliko bajeti nzima.

Na ombeni kidogo. Nimeshasema? Narudia, kwa sababu najua kuna mtu ameruka aya ile akitafuta kiasi tulichopewa. Kizazi chetu tunapenda kuitwa "mkuu wa mradi" kabla hatujalowa magoti. Unamkuta kijana ana kadi za biashara, hajui kuparua samaki. Mfadhili si mjomba wako. Anakupima kwa kile ulichokwisha kufanya na shilingi chache, hata kama ni kaunta buku na bodaboda. Wavuvi nao wanakupima hivyohivyo. Ukiwaahidi posho, ilipe siku uliyosema, usiwatumie ujumbe wa mtandao kukwama.

Tunatega tena masika yakipungua. Wanafunzi wanaotaka kujitolea waje na buti zao na chandarua. Posho iliyomo kwenye bajeti ni ya wavuvi.