Kabla hujailaumu mbegu, litazame ua

Kila msimu wa matikiti huku kwetu Micheweni, Pemba, nasikia lalamiko lile lile: mbegu za mwaka huu feki. Mtikiti umetambaa vizuri, maua tele, lakini vitikiti vikifika ukubwa wa kidole vinageuka njano na kudondoka. Au tikiti linanenepa upande mmoja, wa pili umesinyaa.

Ushauri wangu hauna gharama. Jua likishachomoza, nenda ukae shambani uyatazame maua. Jembe liache nyumbani. Tazama tu nani anayatembelea.

Mtikiti una maua dume na maua jike, na jike utalijua kwa kitikiti kilichokaa chini yake. Chavua, yaani unga wa ua dume, inanata, upepo hauibebi. Lazima ipate mdudu, na mdudu mwenyewe hasa ni nyuki. Ua hufunguka asubuhi, na siku hiyo hiyo linafunga, basi tena. Nyuki mmoja akipita mara moja haitoshi. Wakiwa wachache, chavua haienei, na ndipo tikiti linapokwenda upande.

Wapo wanaosema Pemba ni ya karafuu, nyuki wa nini? Kweli, karafuu tunaichuma ingali tumba, haijapasuka, kwa hiyo haimngoji nyuki. Lakini karafuu hatuli chakula cha mchana.

Anayetaka kujua kilimo bila nyuki kilivyo, amuulize mkulima wa vanila. Nyuki wa kwao, Mexico, huku hawapo, na ua lake hukaa wazi asubuhi moja tu. Kwa hiyo huchavushwa kwa mkono, ua moja moja, kwa kijiti, kwa ufundi aliougundua Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, mwaka 1841. Vanila ina bei, inalipa taabu hiyo. Matikiti je?

Kwa maoni yangu kinachotuumiza zaidi ni bomba la dawa. Watu wanapuliza saa tatu asubuhi, nyuki wamejaa mauani. Puliza jioni, maua yamefunga na nyuki wamerudi kwao. Tena soma kibandiko: ukiona imidacloprid, aina ya sumu ya wadudu, usiitumie mmea ukikaribia kuchanua, maana hupenya ndani ya mmea ikafika mpaka kwenye chavua, na hapo hata jioni haikusaidii. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018.

Halafu kuna kurina kwa moto. Ukiwasha kuti ukachoma kundi zima, asali umeipata mara moja tu. Moshi wa makumbi unatosha, na uwaachie masega yenye watoto na asali kidogo ya kula wao.

Na vichaka vya maweni, kwenye ardhi ya mawe, tunavyovimaliza kwa kuni na kuchomea chokaa, ndimo nyuki wanamokula mashamba yakiwa hayana ua. Mikoko vilevile, hasa mchu. Asali yake nzuri mno. Tundika mzinga karibu na mikoko hiyo, utaona mwenyewe utakavyomgombeza mwenye shoka.

Nyuki wakihamia darini, usiwamwagie mafuta ya taa. Ulizia mtaani nani ana mzinga mtupu. Atakuja jioni na moshi wake, na huenda asitake hata senti, kundi lenyewe likawa ndiyo malipo.