Mabondia wa Mbeya na safari za Dar

Kaka, umeuliza mabondia wa ridhaa wa Mbeya walifikaje Dar kwenye mashindano. Walikuja kwa basi, zaidi ya kilomita 800, au kwa treni ya TAZARA hela ikibana. Umbali walizoea, balaa lilikuwa kupunguza uzito usizidi ule wa daraja lao la ngumi. Basi likisimama Ruaha Mbuyuni abiria tunashuka kula, wao wanabaki kwenye siti na masweta mawili mawili, joto lote lile, wanasukutua maji na kutema dirishani. Kocha kasimama mlangoni asichomoke mtu kufuata mahindi ya kuchoma. Kila mmoja alijiona Michael Yombayomba, yule bondia wetu wa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola 1998. Wakishapima uzito sasa, wali unaliwa mpaka mtu anapanda ulingoni anahema.