Mkunga mchanga na ukuta wa bwawa

SWALI: Mikunga wachanga, samaki wenye umbo la nyoka, wanaopanda mto kutoka baharini huvukaje bwawa, na wataalamu huwahesabuje?

JIBU: Mkunga wa Ulaya huzaliwa katika Bahari ya Sargasso, sehemu ya Atlantiki ya Kaskazini, kisha mikondo ya Atlantiki humchukua hadi pwani, ambako hufika akiwa na urefu wa sentimita 7 hivi, mwili wake ukipenyeza nuru kama kioo. Hawezi kuruka kama samoni, hutambaa. Usiku hujinata kwa tumbo na kupanda hata ukuta uliosimama wima, mradi uwe umelowa, pakavu hapandi. Ndiyo maana hutengenezewa ngazi yake, yaani mfereji wa mteremko uliopandwa nywele za brashi na kutiririshiwa maji kidogo, ambao juu yake huwekwa tangi la kuwanasa, wakahesabiwa na kuachiliwa upande wa juu wa bwawa. Hesabu hiyo ikirudiwa kila mwaka mahali palepale huonyesha mwelekeo, lakini huwagusa waliofaulu tu, na kwangu hilo ni pengo kubwa, kwa kuwa waliokwama chini ya ukuta hawaonekani. Kuna pia safari ya kurudi, ambapo baadhi ya wapevu hukatwakatwa na rafadha za mitambo ya umeme ya mabwawa wakishuka kwenda kuzaa.